Kirefu, Kifupi, Kikongwe: Vipindi vya Podikasti Nilivyovipa Taji Kinyamaseke

Rekodi moja kubwa ya podikasti iliwekwa na kesi ya mauaji. Oktoba 2014 mwanahabari Sarah Koenig alianza kurusha *Serial*, simulizi ya mwanafunzi wa Baltimore, Marekani, aliyefungwa maisha kwa kumuua msichana aliyewahi kuwa mpenzi wake, tukio la mwaka 1999. Kabla Novemba haijaisha, Apple ikatangaza kwamba hakuna podikasti iliyowahi kupakuliwa mara milioni 5 kwenye duka lake upesi namna hiyo. Mwaka uliofuata ikawa podikasti ya kwanza kupewa tuzo ya Peabody, tuzo ambayo wakubwa wa redio na televisheni walizoea kupeana wenyewe kwa wenyewe.

Taji langu, hata hivyo, haliendi kwa mfululizo mzima. Linakwenda kwa sehemu ya tano peke yake. Humo Koenig na mwenzake Dana Chivvis wanapanda gari na kuifuata njia iliyoelezwa na upande wa mashtaka, saa mkononi, waone kama dakika 21 zinatosha kwa yote yanayodaiwa kutendeka. Kisha wanaichambua orodha ya simu: mlio huu ulidakwa na mnara upi, na mnara huo unaangalia upande gani. Hapo ndipo utamu ulipo kwa msikilizaji wa kwetu. Kinyamaseke yetu, wilayani Kasese, Uganda, iko kwenye barabara inayochepuka Kikorongo kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe. Yeyote anayekwenda soko la Mpondwe siku ya Jumanne au Ijumaa anajua kwamba ukifika Bwera simu huweza kupokea ujumbe wa kukukaribisha Kongo, nawe umekaa Uganda unakula chapati. Mnara haujui mpaka. Kwa hiyo mwendesha mashtaka anaposema simu ilikuwa "pale", mtu wa Bwera anauliza: pale wapi? Miaka kadhaa baada ya hukumu, mawakili waliibua karatasi ya faksi ya kampuni ya simu yenyewe, iliyoonya kwamba simu zinazoingia zisitegemewe kuonyesha mahali mtu alipo. Kesi imepinduliwa na kupinduliwa tena. Mwaka 2025 hatia ilibaki palepale, lakini kifungo kikapunguzwa na mfungwa akabaki nje.

Kabla sijaendelea na mataji mengine, niseme ninavyohukumu. Idadi ya wasikilizaji hainishughulishi sana. Kipindi kinanishika pale kinapochukua kitu kimoja cha kushikika, simu, jiwe, faili, wimbo, kikakifuata mpaka kinapogusa maisha ya watu. Podikasti nyingi za teknolojia hazifanyi hivyo. Zinasimulia kampuni gani imeinunua ipi na kwa mabilioni mangapi, kana kwamba sote tuna hisa. Na kuna suala la bando. Julai 2018 Uganda ilianza kututoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, mahali pake ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Saa moja ya sauti ya ubora wa kawaida hula zaidi ya megabaiti 50. Mtangazaji anayetumia dakika kumi kutaniana na mwenzake kabla ya kuingia kwenye mada, kisha akasoma tangazo la magodoro yasiyouzwa bara hili, ajue kwamba kicheko chake nimekilipia mimi.

Kifupi chenye shibe

Kwa hiyo taji la ufupi ni la heshima kubwa hapa, na halina mpinzani. Ni kipindi cha M-Pesa katika *50 Things That Made the Modern Economy*, mfululizo wa BBC World Service ulioandaliwa na mwanauchumi Tim Harford kuanzia 2016. Dakika tisa hivi, chini ya megabaiti kumi.

Harford haanzii Nairobi. Anaanzia Afghanistan, mwaka 2009, kwa polisi 53 waliofungua simu zao wakadhani kuna aliyekosea hesabu: mshahara umeongezeka. Haukuwa umeongezeka hata shilingi. Walikuwa wamewekwa kwenye majaribio ya kulipwa kwa simu, kwa mfumo ulioigwa kutoka M-Pesa, na ilikuwa mara yao ya kwanza kupokea mshahara mzima. Zamani pesa taslimu zilipita mikono ya wakubwa, na kila mkono ulibaki na chake. Ikagundulika pia kwamba baadhi ya polisi waliokuwa wakilipwa walikuwa hewa. Kamanda mmoja alikasirika kukatiwa ulaji hadi akawataka vijana wake wamkabidhi simu na namba zao za siri, akachukue mishahara mwenyewe kwa wakala.

Kisha ndipo anakwenda Kenya, Machi 2007, Safaricom ilipoizindua M-Pesa, baada ya majaribio yaliyolenga kitu kingine kabisa: kuwarahisishia watu kulipa mikopo midogo midogo. Watu wenyewe ndio walioupindua mtambo, wakaanza kutumiana pesa. Uganda tulipata huduma ya MTN miaka miwili baadaye, Machi 2009. Hadithi ya wafanyakazi hewa haihitaji mkalimani hapa kwetu. Nimekicheza kipindi hiki kwenye spika mbele ya watu wasiojua Kiingereza sawasawa, nikiwatafsiria papo kwa papo, na kila mara sehemu ya yule kamanda hurudiwa kwa maombi ya wengi. Mama mmoja mwenye kibanda cha wakala alisema angemjibu: mtandao uko chini, afande, njoo kesho.

Kikongwe kuliko vyote, na jirani yake

Mwaka 2010 BBC Radio 4 na Jumba la Makumbusho la Uingereza walitoa *A History of the World in 100 Objects*, vipindi mia vya robo saa, msimulizi akiwa Neil MacGregor, mkurugenzi wa jumba hilo wakati huo. Cha pili kinahusu jiwe la kukatia lililopatikana Olduvai, Tanganyika, katika safari ya Louis Leakey ya mwaka 1931. Jiwe lina umri wa takriban miaka milioni 1.8. Mwanadamu, au babu yake, aligonga jiwe kwa jiwe mara chache akapata makali ya kukatia nyama na kuvunjia mfupa ili afikie uboho. Wanaoitwa kulitolea maoni ni David Attenborough na Wangari Maathai. Hiyo ndiyo teknolojia kongwe kupita zote nilizosikia zikipewa kipindi, na imesimuliwa bila neno "ubunifu" kutajwa kila sentensi.

Lakini katika mia hiyo ninachokipenda zaidi ni cha 60, cha vigae vya vyungu kutoka Kilwa. Ni vipande vilivyookotwa ufukweni: vya kijani hafifu kutoka China, vya buluu kutoka nchi za Ghuba na Uajemi, na vya kahawia vilivyofinyangwa papo hapo pwani. Ukivipanga mezani umeiona biashara ya Bahari ya Hindi ya karne tano bila kufungua kitabu. Mwanahistoria Bertram Mapunda anazungumza humo, na pia mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah. Hiyo ilikuwa miaka kumi na mmoja kabla Gurnah hajapewa Tuzo ya Nobel ya 2021.

Jirani zetu nao wana kikongwe chao. Ukivuka Mpondwe ukaingia Kasindi, ukashuka hadi Ziwa Edward mahali mto Semliki unapotoka, umefika Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo akapata mfupa wenye urefu wa sentimita kumi hivi, umechomekwa kipande cha kwatzi (quartz) nchani na kuchanjwa chale zilizopangwa kwa mistari mitatu. Umri wake ni kama miaka 20,000. Katika mstari mmoja chale ziko kwa mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Katika mwingine ni 11, 21, 19 na 9. Jumlisha kila mmoja wa mistari hiyo miwili: 60 na 60. Wapo wanaosema ni kifaa cha kuhesabia, wapo waliosema ni kalenda ya mwezi, na wapo wasemao chale zilikuwa za kuzuia mkono usiteleze. Mfupa wenyewe uko Brussels. Kwa Kiswahili kipindi chake bado nakisubiri, na atakayekitengeneza namwomba asianzie Brussels. Aanzie ziwani, kwa wavuvi wanaohesabu samaki wao kila alfajiri.

Kinachotazama mbali zaidi mbele

Hili ndilo taji ambalo nisingelitoa kwa kingine hata kwa rushwa. Mwaka 2014 podikasti ya usanifu *99% Invisible*, ya Roman Mars, ilitoa kipindi kiitwacho "Ten Thousand Years". Huko New Mexico, Marekani, kuna shimo lililochimbwa kwenye tabaka la chumvi, zaidi ya mita 600 chini ya ardhi, la kuzika taka za nyuklia zitokanazo na utengenezaji wa silaha. Lilianza kupokea taka mwaka 1999. Sheria iliwataka wahusika wafikirie namna ya kumwonya binadamu asichimbe pale kwa muda wa miaka 10,000.

Hebu litafakari hilo. Miaka 10,000 iliyopita hakuna lugha yoyote ya leo iliyokuwapo. Utamwandikia nani, na kwa herufi zipi? Wakaitwa wanaisimu, wanaanthropolojia, wachoraji na waandishi wa hadithi za kubuni. Mmoja alipendekeza uwanja wa miiba mikubwa ya mawe, mtu aogope kwa kuona tu. Wakakubaliana maandishi yawekwe kwa lugha saba: sita za Umoja wa Mataifa na Kinavajo, lugha ya wenyeji wa eneo lile. Alama ya fuvu la kichwa ilionekana haitoshi, maana leo mtoto wa shule anaivaa kwenye fulana. Na katika mjadala kama huohuo wa mwaka 1984, wanafalsafa wawili wa Ulaya, Françoise Bastide na Paolo Fabbri, walitoa wazo ambalo kila ninayemsimulia huomba nilirudie: tuzalishe paka wanaobadilika rangi wakikaribia mionzi, kisha tutunge nyimbo na hadithi kwamba paka akibadilika rangi, kimbia. Mawe yatavunjika na maandishi yatafutika, lakini bibi ataendelea kumwimbia mjukuu. Watayarishaji wa kipindi walikwenda mbali zaidi: wakamwagiza mwanamuziki autunge wimbo huo kweli, uwe wa kuganda akilini.

Kipindi hiki nilikisikiliza kama mtu wa Kasese, na Kasese tuna taka zetu. Mgodi wa shaba wa Kilembe, bondeni juu ya mji, ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka uleule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese. Uzalishaji ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Makapi ya mawe yaliyosagwa yalibaki yamelundikwa bondeni, kando ya mto Nyamwamba, na rundo jingine lenye madini ya kobalti likabaki chini, karibu na mji. Maji ya mvua yakipita humo yanatoka na asidi. Upande wa Mbuga ya Malkia Elizabeth ulikuwapo mchirizi mrefu wa ardhi ambao majani yalikataa kuota. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ilifurika, ikabeba nyumba, madaraja na sehemu ya makapi yenyewe. Mei 2020 ikarudia. Watu wanalima kando ya mto huo, na hakuna uwanja wa miiba wala lugha saba.

Sehemu ya kustaajabisha ni kwamba kuanzia 1999, mwaka uleule shimo la New Mexico lilipoanza kupokea taka, Kasese ilikuwa na kiwanda kilichoajiri bakteria. Kasese Cobalt Company ilichukua rundo la chini, ikaliweka kwenye matangi pamoja na vijidudu vinavyokula salfa na chuma, na vijidudu vikaiacha kobalti huru, tayari kwa kusafishwa. Zaidi ya miaka kumi mji huu ulikuwa ukitoa kobalti kwa kazi ya viumbe visivyoonekana kwa macho, jambo ambalo viwanda vichache sana duniani vilikuwa vimelijaribu kwa kobalti. Teknolojia na utamaduni vilikutana nyumbani kwetu na hakuna aliyeleta kinasa sauti. Wakonzo wanamjua Kitasamba, mwenye theluji ya Rwenzori. Habari zake zimevuka vizazi kwa vizazi bila kibao hata kimoja kando ya njia. Watu wa paka wa kubadilika rangi wangetukuta sisi tuko hatua kadhaa mbele yao.

Kilichozua ugomvi mkubwa

Kobalti inaniingiza kwenye taji ambalo nalitoa nikiwa nimekunja uso. Desemba 2022 Joe Rogan, mwenye podikasti mojawapo ya zinazosikilizwa zaidi duniani, alimkaribisha Siddharth Kara, ambaye kitabu chake kuhusu kobalti ya Kongo kilikuwa karibu kutoka. Vipande vya mazungumzo hayo vilisambaa mpaka kwenye makundi ya WhatsApp ya Bwera: watoto mashimoni, mama wenye vichanga mgongoni, kisha simu mkononi mwako. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa hutoka upande wa Kolwezi, kusini kabisa, mbali na Kasindi kuliko Kampala ilivyo.

Kwa kuwafikisha watu wasiowahi kulitaja neno kobalti, hakuna kipindi kinachokikaribia. Kwa uandishi, nakilaumu. Saa zinapita, Wakongo wanasimuliwa, wanahurumiwa, na hakuna Mkongo hata mmoja anayefungua mdomo. Watafiti waliofanya kazi Kongo kwa miaka, Wakongo wakiwamo, walikikosoa kitabu hadharani mwaka 2023 kwa sababu hizohizo na nyingine nzito zaidi. Mfanyabiashara mmoja wa Kasindi niliyemchezea kipande chake alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Sasa huyu alituuliza lini?" Niliposema alifika Kongo mwenyewe na kuzungumza na wachimbaji, akajibu kwamba basi angewaacha waseme wao, sauti wanazo.

Mengine kwa haraka

Siri kubwa zaidi iliyofukuliwa: "Mau Mau" ya *Radiolab*, mwaka 2015. Hadithi ya majalada ambayo Waingereza waliyabeba kutoka makoloni 37, Uganda ikiwamo, wakayaficha Hanslope Park, Uingereza, kwa miaka hamsini, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau wa Kenya ilipoyalazimisha kutoka. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa walalamikaji 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Anayedhani kabati la mafaili si teknolojia akisikilize.

Sauti iliyonifanya nijisikie niko nyumbani kuliko zote: Alan Kasujja, Mganda, alipokuwa mtangazaji wa *Africa Daily* ya BBC. Alikuwa akiuliza swali kama mtu anayesubiri jibu kweli.

Kiswahili kilichonifikia mapema zaidi ni *Noa Bongo! Jenga Maisha Yako* ya Deutsche Welle, michezo ya redio iliyoanza 2008. Igizo lake lina utaratibu wa kiwalimu mno, mhusika hawezi kunywa chai bila kutoa somo. Hata hivyo sauti hiyo ilitufikia kwa Kiswahili cha kueleweka miaka ambayo wengi wetu tulikuwa na simu ndogo za katochi tu, na redio ilitosha kuipokea. Wanaotengeneza podikasti Dar es Salaam na Nairobi leo wana vifaa bora mara kumi, na ni wachache wanaoandika mazungumzo yenye nidhamu ile.

Kilichochekesha hadi mwisho

"The Case of the Missing Hit", *Reply All*, Machi 2020. Mwongozaji wa filamu wa California anaukumbuka wimbo wa redioni wa miaka ya 1990, maneno, melodia, mpaka mahali ngoma inapoingia. Mtandaoni haupo. Kila anayeulizwa haujui. PJ Vogt, mmoja wa watangazaji, anakodi studio na wanamuziki, mtu yule anawaimbia ala moja baada ya nyingine kwa mdomo, nao wanaujenga upya wimbo mzima kutoka kichwani mwake, ili wawapelekee wataalamu wa muziki wausikilize. Wataalamu wanabahatisha na kukosea kwa kujiamini sana. Mwishowe wimbo unapatikana, upo kweli, na aliyeuimba yupo hai. Ukiulinganisha na ule uliojengwa upya unabaki mdomo wazi: kumbukumbu ya mtu ilishika karibu kila kitu.

Kinyamaseke kazi hiyo inafanywa kila siku na vijana wanaojaza nyimbo kwenye memori kadi. Nyimbo nyingi za Lhukonzo zilirekodiwa kwa kaseti, zikachezwa redioni, zikaishia hapo. Hakuna anayeziweka mtandaoni. Mteja anafika, hana jina la wimbo wala la mwimbaji. Anapiga mluzi, anaongeza maneno mawili, anaonyesha kwa mikono mahali gitaa linapopanda. Kijana anafumba macho, anafungua folda moja, ya pili, ya tatu. Ikipatikana mteja analipa anaondoka. Isipopatikana, kijana anampigia mwenzake wa Kasindi, maana Wanande wa ng'ambo wanaelewana nasi kwa lugha na wana akiba yao ya kaseti, na mteja analazimika kuupiga tena ule mluzi, safari hii kwenye simu, watu wote wa foleni wakimsikiliza na kumsahihisha.